Usikiite kimeo kabla hujakiwasha

 

Mwezi huu nimeiweka pembeni mada niliyokuwa nimeiandaa, kwa sababu ya barua pepe ya dada mmoja, mhasibu, anayetarajia kuolewa hivi karibuni. Naifupisha:

"Dada mhariri, mchumba wangu alirudi kutoka masomoni Uingereza na boksi la gemu za kizamani. Mashine yenyewe inaitwa Sega Saturn, na sidii zake zinapita thelathini. Yaani hata PlayStation siyo! Tunahamia nyumba ya vyumba viwili. Nimemwambia achague: boksi lake au kabati langu la vyombo. Amenuna wiki nzima. Mtu mzima, ana digrii, analilia kimeo ambacho hata huko kilikotoka kilishindwa. Nifanyeje?"

Pole shosti. Suala la nafasi nitalijibu, usiwe na wasiwasi. Ila kuna neno lako moja limenigusa: "kilishindwa". Naomba tuanze nalo hilo, kwa sababu wengi wetu tuna tabia ya kupima vitu, na wakati mwingine hata watu, kwa kuangalia nani alishinda na nani alishangiliwa.

Harusi iliyovutwa mbele

Saturn ilianza kuuzwa Japani Novemba 1994, siku chache kabla ya PlayStation, iliyoingia Desemba mwaka huohuo. Nyumbani ilipokelewa vizuri. Japani peke yake ziliuzwa zaidi ya milioni 5. Mambo yaliharibikia Marekani. Wateja wa kule walikuwa wameshaambiwa kwamba mashine itaingia madukani Septemba 1995. Ghafla, Mei mwaka huo, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mjini Los Angeles, Sega wakatangaza kwamba mashine tayari iko madukani, bei dola 399. Walidhani wanamuwahi mpinzani. Sony nao wakapanda jukwaani palepale kwenye maonyesho na kutaja bei yao: dola 299. Kazi ikaishia hapo!

Isitoshe, mzigo wa Sega ulikuwa umepelekwa kwa kampuni chache tu za maduka. Walioachwa walikasirika ile mbaya, na KB Toys, waliokuwa na maduka mengi nchini humo, wakagoma kabisa kuiuza. Watengenezaji wa gemu nao walikuwa wakijiandaa kwa Septemba, kwa hiyo aliyenunua mashine Mei alikuta gemu za kuhesabu. Ni sawa na kuivuta harusi mbele kwa miezi minne bila kumwambia mpishi, MC wala wakwe. Chakula kikipungua ukumbini, huwezi kumlaumu bibi harusi.

Kulikuwa na tatizo la ndani pia. Saturn iliwekwa prosesa kuu mbili za Hitachi zilizokuwa zikitumia njia moja kufikia kumbukumbu ya mashine. Kwa watengenezaji wengi ilikuwa kama jiko lenye wapishi wawili na mwiko mmoja. Mmoja akikoroga, mwenzake anasubiri. Dunia wakati huo ilikuwa imepagawa na picha za 3D, na huko PlayStation ilikuwa rahisi zaidi kuitengenezea gemu. Lakini kwenye picha bapa, zile zinazochorwa kama katuni, Saturn ilikuwa bomba. Bahati mbaya ni kwamba wateja wa Magharibi hawakuwa wanazitafuta hizo.

Mwisho wa safari ziliuzwa Saturn kama milioni 9 dunia nzima, wakati PlayStation ya kwanza ilipita milioni 100. Mwaka 1997 Bernie Stolar, aliyekuwa akiiongoza Sega ya Marekani, alitamka hadharani kwamba Saturn si mustakabali wa kampuni. Sasa wewe mhasibu, angalia hesabu hii: gemu za Saturn zilizotoka Japani zilipita 1,000, na zilizotoka Amerika ya Kaskazini zilikuwa takriban 250. Kwa maneno mengine, wengi walioiita kimeo waliiona robo tu.

Kilichomo ndani ya boksi

Sijui mchumba wako ana sidii zipi, ila kama zilinunuliwa Uingereza, naweza kukutajia chache za kutafuta humo.

Tafuta Guardian Heroes ya mwaka 1996, kazi ya studio ya Treasure. Ni ya ngumi na panga, imechorwa kwa mkono, na wawili mnaicheza upande mmoja, bega kwa bega. Kila hatua mnaulizwa mpite njia ipi, na hadithi inabadilika kufuatana na mlichochagua. Mkiimaliza leo, kesho mnaweza kuianza upya na kufika mwisho mwingine.

Tafuta Saturn Bomberman. Hii mkiunganisha vifaa vya kuongeza pedi mnaweza kucheza watu 10 kwenye TV moja. Kumi! Kanuni zake mtoto wa miaka sita anazielewa: tega bomu, kimbia, usijifungie mwenyewe kwenye kona. Mume wangu ni mpole ajabu, sauti haipandi hata daladala ikimkanyaga kidole, lakini kwenye Bomberman nimemgundua kuwa ni mtu wa visasi. Ni vizuri mke kujua mambo haya mapema.

Kama humo mna Panzer Dragoon Saga ya mwaka 1998, sidii 4 kwenye pakiti moja, basi mwambie aiweke mahali salama. Ilitoka wakati Sega wameshakata tamaa na mashine hii, kwa hiyo nakala za nje ya Japani zilikuwa chache, na leo wakusanyaji wanaitafuta kwa mamia ya dola. Ni hadithi ya kijana na joka lake, yenye upweke mwingi na muziki wa kutuliza. Nyingine, Shining Force III, inauma zaidi: ilitoka kwa sehemu tatu, na wasomaji wa Kiingereza waliuziwa ya kwanza tu. Hebu fikiria umeangalia tamthilia, na mwishoni mwa sehemu ya kwanza mwenye TV anahama na TV yake.

Gemu inayopima ukimya wako

Lakini iliyonifanya niandike ukurasa huu inaitwa Sakura Wars. Ilitoka Japani Septemba 1996, na toleo hilo la Saturn halikuwahi kuuzwa rasmi kwa Kiingereza. Hadithi yake iko Tokyo ya mwaka 1923, Tokyo ya kubuni yenye mitambo mikubwa ya mvuke. Kijana mmoja, afisa wa jeshi la majini, anapangiwa kuongoza kikosi maalumu cha kuulinda mji. Anafika na sare yake nyeupe, kifua mbele, anakuta ni jumba la maigizo. Askari wake ni mabinti waigizaji, na kazi anayopewa yeye ni kuchana tiketi mlangoni.

Wakati wa vita gemu inachezwa kwa mbinu, kama bao au drafti. Kati ya vita na vita, kazi yako ni kuzungumza na wale mabinti. Mmoja anakuuliza jambo, majibu mawili matatu yanatokea kwenye kioo, na muda unaanza kukatika. Ukichelewa, gemu haikusubiri wala haikurudishii swali. Kukaa kwako kimya kunahesabiwa kuwa ndilo jibu, na mwenzako analipokea hivyo. Kuna mahali ukimya ndio jibu zuri kuliko yote, na mahali pengine ukimya unaumiza kuliko tusi. Halafu kile mlichojengana kwa maneno kinaonekana vitani: wanaokuamini wanapigana vizuri zaidi, uliowapuuza wanalegea.

Mimi nilisomea mawasiliano chuo kikuu, na somo hilo la ukimya tulifundishwa kwa nadharia na vishale ubaoni. Sikuwahi kuliona limewekwa wazi kiasi hiki. Ni wanandoa wangapi tunaowajua ambao mmoja anauliza, "Una nini leo?" na mwingine anaangalia simu mpaka muda unaisha? Anayekaa kimya anafikiri hajajibu. Kumbe ameshajibu zamani. Na wewe dada, ile wiki nzima ya kununa unayoisimulia, yule bwana amekuwa akikujibu kila siku.

Miaka zaidi ya 20 gemu hii ilibaki bila Kiingereza, hadi mwaka 2019 wapenzi wa gemu walipoitafsiri kwa Kiingereza kwa kujitolea, bila malipo.

Si Saturn peke yake

Wako wengine wa aina hiyo. PC Engine ya NEC na Hudson, iliyotoka Japani mwaka 1987, ilikuwa na upana wa sentimita 14 tu, na gemu zake zilikuwa kwenye kadi za ukubwa wa kadi ya benki. Mwaka 1988 ikawa mashine ya kwanza ya gemu kuwekewa kifaa cha CD. Ilikuwa na tundu moja tu la pedi, lakini ukinunua kifaa cha kuongeza, mnacheza watu 5. Japani ilitamba, Marekani, kwa jina la TurboGrafx-16, iligonga mwamba.

Kuna na Sega Master System. Huko Marekani ilibanwa na Nintendo, ambao mikataba yao iliwafunga watengenezaji wa gemu wasiwauzie washindani. Lakini Brazili, ambako kampuni ya Tectoy iliichukua mwaka 1989, ikawa mashine ya kila familia. Tectoy walichukua gemu ya Kijapani, Wonder Boy in Monster Land, wakamtoa shujaa wake na kumweka Mônica, binti wa katuni anayependwa na Wabrazili wote. Mashine ileile, kwingine imekataliwa, kwingine imeolewa. Na ndani yake mna Phantasy Star ya mwaka 1987, ambayo shujaa wake ni msichana, Alis, na miongoni mwa waliochora alikuwamo mwanamama Rieko Kodama. Wakati huo gemu zilizompa msichana upanga zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Sasa tuje kwenye kabati

Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayoitwa Video Game History Foundation ilitoa utafiti: asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote rasmi. Kwa hiyo boksi hilo ukilitupa, usifikiri atanunua lingine dukani akizeeka. Vingi vilivyomo vimebaki mikononi mwa watu kama yeye.

Lakini kaka naye nisikilize, maana najua atasoma. Boksi ambalo halijafunguliwa tangu ulipotua uwanja wa ndege ni mzigo tu, hata kama ndani mna dhahabu. Kama unalipenda, liwashe, na umkaribishe mwenzako. Mwanamke hawezi kukipa heshima kitu ambacho kila siku anakiona kimefungwa kwa gundi ya karatasi chini ya kitanda. Kwa hiyo nawapa masharti haya, yawabane wote wawili:

• Rafu moja, si chumba. Mashine, pedi mbili na sidii zikae hapo. Kisichoenea, yeye ndiye achague cha kumpa rafiki. Kabati la vyombo libaki.

• Chomekeni kwa akili. Mashine ya Uingereza inakubali umeme wetu na plagi yake inaingia ukutani bila adapta. Ya Japani ni ya volti 100. Bila transfoma mtaiunguza siku ya kwanza.

• Badilisheni betri. Nyuma ya Saturn kuna kimlango chenye betri ya duara, CR2032. Ikifa, kila mlichohifadhi kinafutika. Haihitaji fundi.

• Angalieni TV kabla ya kununua mpya. Mashine hizi zinataka tundu za njano, nyekundu na nyeupe, na TV nyingi za sasa hazina. Kuna kifaa cha kubadilishia.

• Bajeti iwe wazi. Sidii ya Japani haifungui kwenye Saturn ya Uingereza bila kanda maalumu ya kuchomeka juu, na wakusanyaji wana bei za kutisha. Hakuna kuagiza kitu kabla ya harusi, na baada ya harusi hakuna kuagiza kwa siri.

• Chagua wewe gemu ya kwanza. Si yeye. Ukichagua wewe utauliza maswali, na yeye atapata nafasi ya kukusimulia alivyokuwa huko ughaibuni, jioni za baridi, chumba kimoja, na mashine iliyouzwa bei chee kwa sababu hakuna aliyeitaka. Huenda hapo ndipo utakapojua ni nini hasa alichokuwa akikililia.

Mkicheza jioni mbili tatu na ukaona bado huoni raha, utakuwa na haki ya kusema hivyo, na yeye atakuwa na wajibu wa kukuelewa. Ila hukumu itolewe baada ya kesi kusikilizwa.

Tukutane mwezi ujao, tutazungumzia mawifi wanaokuja kusalimia na begi la wiki tatu. Niandikieni.