Msitu Bila Mwelekezi ni Kuni Tu

Nimeshika kalamu ili nichangie mjadala ambao umetuumiza vichwa muhula huu mzima. Je, ziara ya Chama chetu kutoka Mlima Elgon hadi Msitu wa Kakamega ifanywe vipi? Wapo wanaosema ati twende siku moja tu, basi zima, bila mwelekezi, ili pesa zitakazobaki tukale samaki Kisumu. Wengine tunasema ziwe siku mbili, na kila kikundi kidogo kiwe na mwelekezi wake. Mimi nimesimama upande huu wa pili, wala sioni haya kulisema.

Wenzetu wa upande ule wana methali yao: mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni tamu, lakini msituni haifui dafu. Katika mbuga ya nyasi, kama vile Maasai Mara, ndovu na twiga huonekana hata kupitia dirisha la basi. Msitu wa mvua si hivyo. Huko miti imefunga juu kama paa, mwanga ni hafifu, na wanyama wengi wako juu matawini. Kakamega ni msitu wa yapata kilomita za mraba 240, na wataalamu wanatuambia ni masalio ya mashariki ya misitu mikubwa ya upande wa Kongo. Ndani yake mna zaidi ya aina 300 za ndege na zaidi ya aina 400 za vipepeo. Mna mbega, mna kima wa aina kadhaa, na usiku hutoka poto, mnyama mdogo wa macho makubwa anayetembea polepole mitini. Lakini hebu ingia peke yako uone! Utaona kijani, kijani, na kijani tena. Utatoka ukisema, "Kwani hapa pana nini?"

Mwelekezi ndiye anayeufungua msitu. Atasimama ghafla, ainue kidole, na kuwaambia msikilize mvumo wa mbawa za hondohondo kabla hajaonekana. Atawaonyesha mtini uliouzingira mti mwingine, awaeleze jinsi ndege alivyoiangusha mbegu juu tawini, mizizi ikateremka hadi ardhini, ikamkumbatia mwenyeji wake mpaka akafa. Atawaonyesha mti uitwao mwiritsa, ambao gamba lake hutengenezewa dawa ya maradhi ya tezi ya wanaume wazee, na awaeleze kwamba mti uliochunwa gamba kuuzunguka wote hunyauka. Hayo yote yako mbele ya macho, lakini mwenye macho asipoambiwa, atapita tu.

Tuje mlimani. Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka wa 1968, na sifa yake kubwa ni mapango. Pango la Kitum limeingia ndani ya mlima yapata mita 200. Ndovu wameliingia usiku, gizani, wakichimba kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Ama kwa hakika hii ni ajabu! Lakini pango hilo lina popo vilevile. Mwaka wa 1987 mvulana mmoja aliyekuwa amelizuru aliugua ugonjwa wa virusi vya Marburg, akafariki dunia. Baadaye wanasayansi walithibitisha kwamba popo wa matunda hubeba virusi hivyo. Sasa mimi nauliza: tukifika pale vijana arobaini, kila mtu akitaka kuwa wa kwanza kuingia, nani atakayetuambia tusimame wapi, na tusiguse nini? Mwalimu mmoja? Masihara hayo! Mwelekezi anayeijua mbuga si anasa, ni kinga.

Wengine wanasema, kama ni hivyo basi tuache mlima, twende msituni peke yake. La hasha! Hivi viwili ni ndugu. Mto Nzoia hukusanya maji ya Mlima Elgon na ya milima ya Cherangani. Mto Isiukhu hupita katika Msitu wa Kakamega, kisha huungana na Nzoia, na maji yote huishia katika Ziwa Victoria. Mlimani utakuta baridi, misitu ya podo na mianzi. Ukishuka kupitia Kitale na Webuye hadi Kakamega, utakuta joto, unyevu na miti ya aina nyingine kabisa. Anayeona kimoja tu ni kama mtu aliyesoma nusu ya hadithi. Tena hadithi hiyo haisomeki kwa siku moja, maana nusu ya siku itaishia barabarani.

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi watu wa Kiswahili. Jamani, tuambiane ukweli. Hebu fungueni insha zetu. Kila asubuhi "ndege wanaimba nyimbo tamutamu" na kila msitu una "miti mirefu iliyogusa mbingu". Ndege gani? Mti gani? Hatujui! Katika somo la biolojia tumeyakariri majina ya Kiingereza na ya Kilatini, lakini ukituuliza kwa Kiswahili tunaumauma midomo. Waelekezi wa Kakamega wamezaliwa kando ya msitu. Wanayajua majina ya miti kwa lugha yao ya nyumbani, na watatusimulia kwa Kiswahili. Mwanachama mwenye daftari atarudi na maneno ambayo hayapatikani katika kitabu chochote cha darasani. Hiyo ndiyo kazi ya Chama cha Kiswahili. Kula samaki ni kazi ya chama gani?

Tena wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Watu ni wengi kandokando ya msitu ule, mashamba ni madogo, na jiko linataka kuni kila siku. Mtu mwenye njaa ukimwambia asikate mti, atakuuliza watoto wake watakula nini. Katika miaka ya 1990 waelekezi wa huko Isecheno waliunda mpango wa kuelimisha watu kuhusu mazingira, uitwao KEEP, ili jirani wa msitu aone faida ya mti uliosimama. Ada tunayolipa kwa mwelekezi huingia katika nyumba iliyo jirani na msitu. Tukiingia bure, tukapiga picha na kuondoka, tumemwachia nini mwenyeji? Tutakuwa tumemwambia kwamba msitu wake ni kuni tu.

Najua kilio cha wengi ni pesa, na kilio hicho ni cha haki. Wazazi wetu wanahangaika na karo, na si vyema kuwaongezea mzigo. Lakini tazameni pesa zinavyokwenda katika ziara zetu: fulana za ziara, soda, na chipsi za njiani. Tukiacha fulana mwaka huu, tukafunga mikate na mayai ya kuchemsha, tutakuwa tumepiga hatua kubwa. Kwa malazi, mlezi wetu anaweza kuomba nafasi katika bweni la shule ya jirani, kama vile shule nyingine zinavyolala kwetu wakati wa mashindano ya michezo. Samaki wa ziwa hawatahama. Msitu ndio unaoweza kuisha.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu katika mkutano mkuu. Kwanza, ziara iwe ya siku mbili: ya kwanza mlimani, ya pili msituni, na msituni tuingie alfajiri wakati ndege wameamka. Pili, kila watu kumi wawe na mwelekezi mmoja, na redio ibaki ndani ya basi. Tatu, kila mwanachama arudi na majina kumi ya viumbe au miti, aliyoyasikia kwa masikio yake, tuyachapishe katika gazeti hili mwaka ujao.

Mwenye hoja bora kuliko hii na aje nayo mkutanoni, tutamsikiliza. Lakini asije na samaki.