Kompyuta ikitilia shaka seli zako

Huenda umesikia kuwa siku hizi kompyuta inaweza kugundua dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Ni kweli, lakini haifanyi kazi hiyo peke yake.

Katika kipimo cha Pap, mhudumu huchukua seli za mlango wa kizazi na kuzipaka kwenye kioo. Mtaalamu huzitazama kwa hadubini, akitafuta zile ambazo kiini chake kimekua, kimekoza rangi au kimepoteza umbo. Kioo kimoja kina maelfu ya seli, na wataalamu wetu ni wachache. Majibu yanachelewa, na wapo kina mama wasiorudi kuyachukua.

Hapo ndipo akili mnemba inapoingia. Programu hufundishwa kwa picha za seli ambazo wataalamu wameshazitambua, kisha nayo huonyesha zenye kutia shaka. Mfano uko jirani, Kinondo, Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Mwaka 2018 na 2019, watafiti walichukua sampuli za wanawake 740 wanaoishi na VVU. Vioo vilipigwa picha hospitalini hapo na picha kutumwa kwa mtandao wa simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: hakuna kioo chenye mabadiliko makubwa ambacho kompyuta ilikiita salama. Hata hivyo, ilivitilia shaka baadhi ya vioo ambavyo wataalamu waliviona ni vya kawaida.

Kwa hiyo ukiambiwa seli zako zina shaka, usikate tamaa. Shaka si saratani. Mabadiliko madogo mara nyingi hupotea yenyewe. Makubwa hutibika kwa kugandisha, kuunguza au kukata sehemu iliyoathirika, kabla hayajawa saratani.

Hofu yangu ni nyingine: tunaweza kununua mashine na kusahau tiba. Mwanamke aliyepata jibu la haraka, kisha akakosa mahali pa kutibiwa, hatujamsaidia. Kabla ya kupimwa, uliza: majibu nitayapata lini, na nikikutwa na tatizo nitatibiwa wapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri kupima kirusi cha HPV kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Usisubiri maumivu wala kutokwa damu.

Nawe mzazi, binti yako wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV. Hiyo haisubiri kompyuta.