Ofisi ya Mpakani na Meza ya Nyumbani

Dada yetu mmoja wa Nambale ametuletea swali ambalo mwanzo tulilidhania jepesi. Mumewe na shemeji zake wana uwakala wa kutoa mizigo katika mpaka wa Busia, naye huandaa hati za forodha kwa kompyuta akiwa nyumbani, mtoto mchanga ubavuni. Kwa kuwa kazi yake haijapata kuharibika, shemeji mkubwa ataka ofisi ifungwe, kodi iokolewe, na wote wanne wafanyie kazi majumbani mwao. Je, ni busara?

Kwa upande wa karatasi, shemeji hakukosea. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa shehena iendayo Uganda hulipwa mzigo ungali bandarini Mombasa. Tamko huingizwa mtandaoni, na mtandao hauulizi mwandishi ameketi wapi.

Lakini lori si karatasi. Lakiri ikikutwa imekatika, au magunia yasipolingana na hati, afisa humtaka wakala asimame mbele yake. Tena, tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, gari liendalo Uganda hukaguliwa mara moja tu, ng'ambo ya pili. Basi chumba kilichokodiwa upande wa Kenya chaweza kuachwa. Mtu wa mpakani haachiki. Twaona wawili wabaki huko kwa zamu, wawili wawe nyumbani, na wajaribu hivyo mwezi mmoja kabla ya kurudisha ufunguo.

Tungeishia hapo, lau si mstari wa mwisho wa barua yake. Jina lake halimo katika daftari la mishahara, kwa kuwa yuko nyumbani, na aliye nyumbani huhesabiwa kuwa anasaidia tu. Bando hununua kwa fedha za matumizi ya jikoni. Malori nayo hayalali: ofisi hufungwa jioni, ila simu yake hulia hata saa nane za usiku, na mtoto akaamka.

Tumemjibu kwamba kabla ya habari ya kodi, wakae kikao, shemeji mkubwa na mumewe wawepo, yaandikwe mambo matatu: ujira wake, saa zake, na nani atakayelipia bando. Ametuahidi kukiitisha kikao hicho Ijumaa, baada ya swala.