Mlango Sio Simu, Tuuzieni Spea za Vitasa

Najua wauzaji wa vitasa smati wataninunia, lakini acha niseme: kama huwezi kuniuzia paneli ya nje peke yake, hicho kitasa kaa nacho.

Mnavijua. Apatimenti nyingi mpya kuanzia Roysambu hadi Kileleshwa siku hizi ziko na ile kitu nyeusi inang'aa mlangoni. Unabonyeza namba ama unaweka kidole, inalia tiii, unaingia. Wenye Airbnb wanavipenda kwa sababu mgeni akishuka JKIA saa nane usiku, hakuna mtu anaamka kumpelekea ufunguo. Anatumiwa namba kwa WhatsApp, basi. Mimi pia navipenda. Sina ugomvi na teknolojia, nina ugomvi na vile imefungwa ndani ya boksi moja.

Fungua kimoja uone. (Mimi nimefungua vitatu, vyote maiti, hakuna mwenyewe alilia.) Nje kuna paneli: vitufe, sensa ya kidole na bodi ndogo. Waya mwembamba unapita katikati ya mlango. Upande wa ndani kuna nyumba ya betri, kwa kawaida AA nne, yaani volti 6 kwa jumla, bodi nyingine, na mota ndogo kama ya gari la mtoto la kuchezea. Halafu ndani ya mbao yenyewe kuna chuma cha kawaida kabisa, ulimi na komeo, kitu ambacho babu yako angekitambua bila miwani.

Sasa fikiria umri wa hivyo vitu. Chuma kikipakwa mafuta kinaweza kukaa miaka 20. Lakini sensa inayopigwa na jua, vumbi la ujenzi na mvua ya Aprili haina hiyo roho. Betri zikisahaulika zinavuja na kula springi. Fundi akibana waya vibaya wakati wa kufunga mlango, unakatika pole pole. Tumeozesha kitu cha miaka 20 kwa kitu cha miaka michache, na huyu wa pili akifa tunazika wote wawili.

Binamu yangu anasimamia nyumba ya wageni wa siku mbili tatu. Paneli ya nje iliingia maji. Mota ilikuwa sawa, bodi ya ndani sawa, chuma sawa. Akarudi kwa muuzaji. "Hiyo hatuuzi peke yake boss, chukua mpya." Mpya ni Sh14,500. Na ilipokuja, mashimo yake hayakulingana na ya zamani, kwa hivyo fundi alitoboa mlango upya na kuziba ya kwanza na puti. Ukiuona huo mlango utadhani ulipigwa risasi.

Yeye angalau ni biashara, atarudisha hiyo pesa. Mpangaji je? Landilodi ndiye alichagua kitasa, ndiye alichagua cha bei ya chini, lakini kikizima ukiwa ndani ya hiyo keja, deposit yako ndiyo inatazamwa kwanza. Unakatwa bei ya kitasa kizima kwa sababu ya kipande ambacho kingetoshea mfuko wa shati.

Na sio mambo ya hapa tu. Agosti 2017, kampuni ya Marekani inaitwa LockState ilituma sasisho la programu kwa vitasa vyake kupitia intaneti. Sasisho likaenda kwa modeli ambayo halikutengenezewa, na vitasa vya wateja kama 500 hivi vikafa ganzi, wengi wao wenye nyumba za Airbnb. Havingeweza hata kurekebishwa kwa mbali kwa sababu vilikuwa vimekata mawasiliano kabisa. Lakini angalia suluhisho walilotoa: fungua nusu ya nyuma ya kitasa, ututumie, tutaitengeneza na kukurudishia kwa siku 5 hadi 7. Iliwezekana kwa sababu hiyo nusu ilikuwa inatoka. Na shimo la ufunguo wa kawaida lilikuwepo, so watu hawakulala nje. Hata kwa aibu yao walikuwa na kitu cha kufundisha.

Kutengeneza kwa vipande inawezekana, na kuna wanaofanya. Yale wana vitasa ambavyo kipande cha mawasiliano unakichomeka na kukichomoa kama laini ya simu. Leo unatumia Wi-Fi, kesho ukitaka Z-Wave unabadilisha hicho tu. Nuki wa Austria wao wana kifaa ambacho hakigusi chuma chako kabisa. Kifaa hicho kinakaa upande wa ndani na kuzungusha ufunguo ule ule uliokuwa nao. Kikizima, unakitoa na unabaki na mlango wako wa kawaida.

Wabishi najua mnakuja: "Kikibadilishika kwa urahisi, si mwizi pia atakibadilisha?" Hapo mmeongea. Kama paneli ya nje ndiyo inaamua nani aingie, halafu inatuma tu stima kidogo kwa mota, mwizi anang'oa paneli, anagusanisha waya mbili, anaingia na kukaa kwa kochi. Lakini hicho kitasa ni kibovu hata kama hakina spea hata moja! Akili inafaa ikae ndani. Paneli ya nje iwe karani tu: inasoma kidole ama namba, inatuma ujumbe uliofungwa kwa siri, na bodi ya ndani ndiyo inasema ndiyo ama hapana. Ukileta paneli mpya, lazima mtu aliye ndani ya nyumba abonyeze kitufe cha kuitambulisha, la sivyo ni plastiki tu. Kuficha muundo sio usalama. Mholanzi mmoja, Auguste Kerckhoffs, aliliandika hilo 1883: mfumo uwe salama hata adui akiujua wote, mradi hana ufunguo. Miaka 140 na zaidi, na bado tunauziwa siri kama ulinzi.

Kwa Boxer ya bodaboda, plagi ikifa hakuna mtu anakwambia nunua pikipiki. Unaenda Kirinyaga Road, unapewa plagi, unarudi stejini. Na fundi wa Luthuli anayebadilisha kioo cha simu kwa nusu saa atashindwa na soketi ya waya nne kweli? Mpe tu kipande.

Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji kuihusu. Mimi naanzia hapo kwa habari. Kabla ya kulipa, uliza: paneli ya nje inauzwa peke yake? Bei gani? Modeli mpya inaingia kwa mashimo ya zamani? Betri zikiisha nikiwa nje, kuna tundu la Type-C ama shimo la ufunguo? Na kama ni nyumba ya kupanga, mwambie landilodi aandike kwa mkataba kwamba kitasa kikizeeka chenyewe, gharama ni yake. Akikataa kuandika, muulize mbona.

Na kama wewe unauza hizi vitu na uko na spea kwa rafu, nitumie ujumbe. Nakuja na kamera, na sikulipishi.