Usimtumie Lokesheni

Wasee wa Eldy, najua kuna watu watanikasirikia leo, na ni sawa.

Kuna kitu kimeingia hapa tao na tunakiita mapenzi. Mpenzi wako anakuambia "tuma live." Hujapotea. Hujapanda boda usiku ukitoka tao kwenda Kapsoya. Ni saa nne asubuhi, uko darasani, na yeye anataka tu kuona kapicha kako kakitembea kwenye ramani ya WhatsApp. Ukichelewa kutuma, ni maswali. Ukikataa, ni "kwani uko na nani?"

Mimi nasema kataa.

Hebu angalia venye hiyo kitu inafanya kazi. WhatsApp inakupa chaguo tatu: dakika 15, saa moja, ama masaa 8. Dakika 15 ni za mtu anakuja kukuchukua steji. Saa moja ni ya safari. Masaa 8 ni ya nini? Hiyo ni siku nzima ya kazi, na kazi yenyewe ni wewe. Google Maps nayo ina chaguo la kuendelea mpaka uzime mwenyewe. Nawajua watu waliwasha wakiwa form four, wakaachana na huyo mtu, wakasahau kuzima.

Halafu kuna ile hoja kila mtu anaileta: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Ngoja. Mnakumbuka Juni 2024, maandamano ya Finance Bill? Tulikuwa tunafundishana kuzima simu kabla ya kufika Uganda Road. Oktoba mwaka huo, Nation ikachapisha uchunguzi ikidai vyombo vya usalama vinafikia rekodi za simu za wateja wa Safaricom karibu bila kizuizi. Kampuni ilikana, ikasema inatoa data pale tu sheria inataka. Lakini nyinyi mlichemka, na mlikuwa sawa kuchemka. Hakuna mtu alisema "si kama huna cha kuficha." Sasa mbona afisa akitaka kujua uko wapi ni udikteta, na Kevo akitaka kujua ni wivu mtamu?

Mimi naona Kevo ni hatari zaidi. Afisa hakujui. Kevo anajua mlango wenu haufungi vizuri.

Na usidhani sheria itakusaidia haraka. Katiba, kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na tuna kamishna wa data, Immaculate Kassait, ambaye si wa mchezo. Septemba 2023 ofisi yake ilipiga klabu moja ya Nairobi, Casa Vera, faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Shule moja nayo ikapigwa milioni 4.55 kwa picha za watoto. Poa sana. Lakini soma hiyo sheria mpaka kifungu cha 51: mtu binafsi akitumia data kwa mambo yake ya kibinafsi tu, ama ya nyumbani, sheria inamruka. Yaani imeandikwa kwa makampuni na maofisi. Yule anakufuatilia ukiwa Zion Mall kwa sababu anakupenda, haikuwa inamfikiria.

Na hapa kwetu hii si stori ya kucheka. Oktoba 2021 Agnes Tirop alidungwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25, na mwezi mmoja tu nyuma alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mume wake akashtakiwa. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa ametoka kwenye Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa na mwanaume waliyekuwa wameachana, huko Endebess. Alifia hapa hapa, MTRH. Sisemi simu ndiyo iliwaua, hapana. Nasema tunaishi mahali ambapo mwanamke anaweza kuuawa na mtu wa karibu, na ukiwa unajaribu kumtoka mtu kama huyo, kitu cha kwanza unahitaji ni asijue umeenda wapi. Huwezi kuijenga hiyo nafasi siku ya kutoroka. Unaijenga sasa, wakati bado mnapendana.

(Na sisi madem tuache unafiki. Kuna wenye mnashika simu ya boyfriend akilala mnawasha lokesheni kimyakimya. Ni kitu kile kile.)

Kuna rafiki yangu alihama kutoka Langas, akabadilisha laini, akabloki jamaa kila mahali. Baada ya wiki mbili jamaa yuko getini. Akahama tena. Jamaa akatokea tena. Tukadhani ni caretaker anauza habari, tukamgombanisha mzee wa watu bure. Kumbe ni Gmail. Simu alinunuliwa na huyo jamaa, na ni yeye aliitengeneza siku ya kwanza, akafungua akaunti na paswadi. Ile huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea inamwonyesha aliye na akaunti simu iko wapi. Hakuhitaji kuwa haka. Alikuwa tu na paswadi.

Kwa hivyo ukinunuliwa simu, sema asante, halafu fungua Gmail yako mwenyewe. Ingia kwa akaunti ya Google uangalie vifaa gani vimeingia humo, toa vyote huvijui, badilisha paswadi. Kwa Google Maps, bonyeza picha yako uone nani anaona lokesheni. Snapchat, ingia kwa ramani ujifiche. Nenda kwa settings za lokesheni uone ni programu gani zinakufuata hata ukiwa hujazifungua. Tochi inataka kujua uko wapi ya nini? Na nyinyi wakimbiaji, Strava: Januari 2018 mwanafunzi wa miaka 20 kutoka Australia aliangalia ramani yake ya dunia akaona kambi za kijeshi zinang'aa, sababu wanajeshi walikuwa wanakimbia na saa. Kama kambi ya jeshi ilionekana, mlango wako je, na unaanza mbio hapo kila asubuhi saa kumi na moja? Strava inakuruhusu kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Ficha.

Jambo moja wasee hukosea: kuzima GPS hakukufichi kwa mtandao. Simu ikiwa hewani inaongea na mnara, na mnara unajua uko upande gani. Hiyo haimhusu Kevo, Kevo hana mnara. Lakini ujue.

Sijasema usitumie mtu lokesheni kabisa. Mimi nikipanda boda usiku, cuzo yangu anapata saa moja. Nikifika, nazima. Hajawahi kuniuliza mbona nimezima.

Na kama huyo mtu wako ashawahi kukupiga ama kukutishia, usizime kila kitu leo usiku kwa hasira. Ataona imezimika, na hapo ndipo wengine hulipuka. Ongea kwanza na mtu unayemwamini, na usitumie simu anayoifuatilia. Azima ya mtu, piga 1195. Ni bure, usiku na mchana.