Kabla ya chupa ya mitishamba, damu ipimwe

RUARUKE, kama ilivyo sehemu nyingi za Wilaya ya Kibiti, mama anayetokwa na damu nyingi wakati wa hedhi hakosi wa kumshauri. Shangazi atamtajia mizizi ya kuchemsha, jirani atamletea unga wa mlonge, na kwenye simu atasikia sauti ya mtu asiyemjua akisifia chupa ya "kusafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe". Vyote hivyo humfikia kabla hajafika penye mashine ya altrasaundi.

Sababu zinaeleweka. Kutoka vijijini hadi barabara kuu ni nauli ya bodaboda, na kwa anayekaa visiwani katika delta ya Rufiji ni mtumbwi au boti kwanza. Kubwa zaidi ni hofu: wanawake wengi huamini kwamba ukienda hospitali na uvimbe, utarudi bila kizazi. Kwa ambaye bado anatafuta mtoto, chupa inaonekana ndiyo njia ya huruma.

Uvimbe huo, ambao wengi wanaujua kwa jina la fibroidi, huota kwenye misuli ya mfuko wa uzazi. Unaweza kuwa mdogo kama punje ya mchele au mkubwa kama nazi, na mara chache sana huwa saratani. Si uchafu uliobaki baada ya kujifungua, kwa hiyo hakuna cha "kusafisha". Mahali ulipoota ni muhimu kuliko ukubwa wake. Mdogo uliochomoza ndani ya mfuko wa uzazi unaweza kumwaga damu nyingi, na mkubwa ulio upande wa nje usilete shida yoyote.

Kwa nini basi wapo wanaoapa kwamba mitishamba imewaponya? Hedhi yenyewe hubadilika. Mwezi mmoja huwa nzito na unaofuata ikapungua. Fibroidi nyingi hulishwa na homoni za kike, na hedhi ikikoma kabisa, kwa kawaida husinyaa zenyewe. Mama wa miaka 49 aliyeanza chupa mwaka huu huenda angepata nafuu hata bila chupa. Tangawizi nayo inaweza kweli kutuliza maumivu ya hedhi. Ila maumivu kupungua si uvimbe kupungua. Mwaka 2013 watafiti wa mtandao wa kimataifa wa Cochrane walipitia majaribio 21 ya mitishamba kwa wenye fibroidi na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuitegemea.

Chai ya tangawizi ya kawaida haina ugomvi na mtu. Hatari iko kwenye dozi kubwa na kwenye kisichojulikana. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyokolezwa kwenye vidonge vinaweza kuchelewesha damu kuganda, hasa kwa anayetumia pia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Baadhi ya mimea huwa na kemikali zinazofanya kazi kama homoni za kike, zilezile zinazolisha fibroidi. Chupa isiyo na maelezo inaweza kudhuru ini, figo au mimba changa ambayo mama hajaijua. Dawa za kuweka ukeni huunguza na kuleta maambukizi.

Hatari kubwa kuliko hizo ni muda. Miezi sita ya kujaribu chupa ni hedhi sita za kupoteza damu, na mwili huizoea hali hiyo polepole. Mama anachoka akipanda mpunga, moyo unamwenda mbio akichota maji, viganja vinapauka, anatamani kula udongo. Nyumbani wanasema ana mimba au amekuwa mvivu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Anayeanza na damu pungufu, kisha akapata fibroidi, hana akiba.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima wingi wa damu. Ni tone la kidoleni, wala haihitaji kwenda Muhimbili. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu. Chini ya 8 ni upungufu mkali unaotaka matibabu ya haraka. Vidonge vya madini ya chuma hurudisha damu, lakini visimezwe pamoja na chai ya rangi, maana chai huzuia madini hayo kufyonzwa. Baada ya hapo altrasaundi itaonyesha kama ni fibroidi au jambo jingine.

Matibabu pia si kisu tu. Zipo dawa za kupunguza damu wakati wa hedhi, zipo njia za homoni, na upo upasuaji wa kuondoa uvimbe na kuacha kizazi mahali pake. Fibroidi isiyosumbua inaweza kuachwa na kufuatiliwa tu. Mama ana haki ya kuuliza njia zote kabla ya kukubali yoyote.

Anayetumia mitishamba aende nayo kwa mhudumu, chupa yenyewe na karatasi yake, na aseme ameitumia kwa muda gani. Asifiche kwa kuogopa kukemewa. Tiba asili inatambuliwa na sheria ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga. Muuzaji asiyetaka kuonyesha usajili, au anayesema "acha dawa za hospitali", aachwe yeye.

Yapo mambo yasiyosubiri: pedi au kitambaa kulowa chepechepe kila saa kwa saa mbili mfululizo, kuzirai, damu kwa mwenye mimba, au damu kurudi baada ya hedhi kukoma mwaka mzima. Na binti anayetokwa na damu nyingi tangu hedhi za mwanzo asipewe chupa ya fibroidi ya mama yake. Katika umri huo fibroidi ni nadra, na huenda damu yake ina tatizo la kuganda.

Baba naye ana sehemu yake. Fedha ya chupa ya pili na ya tatu, ikiwekwa pamoja, mara nyingi inatosha nauli ya kwenda na kurudi Kibiti. Aitoe mapema, kabla mkewe hajafikia kubebwa.