Ipole kuna asali, wewe unadai chipsi!

KUNA watu wakishuka kwenye basi pale Ipole, Sikonge, njiapanda ya kwenda Mpanda na Rungwa, swali lao ni moja tu: "Mama, chipsi mayai zipo?" Jamani! Umepita Tabora, uko katikati ya miombo yenye nyuki kibao, halafu unadai chipsi?

Mimi naulizia matobolwa. Mshikaji wangu mmoja wa Dar alidhani ni jina la golikipa wa zamani! Sikia basi: viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama soli ya kiatu. Michembe ni ndugu yake, ila yenyewe kiazi kinakatwa kibichi. Vyote vinakaa miezi bila kuharibika. Matobolwa unatafuna hivi hivi na chai. Michembe ukiipika na karanga za kutwanga, nakwambia utalamba sufuria.

Na njia hii si ya jana. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, Wanyamwezi walishazoea kubeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Mtu wa safari ya miezi anataka chakula kisichooza. Chipsi ingefika Bagamoyo kweli?

Kasheshe lenyewe liko kwenye wanzuki. Wanzuki ya haki ni asali, maji ya vuguvugu na masega kidogo, inafunikwa penye joto siku kadhaa mpaka ichachuke. Siku hizi wengine wanatia sukari na hamira, wanakuuzia haraka haraka. Kichwa kitakachokugonga, usiulize!

Safari moja nilimsogelea mama mmoja mwenye ndoo yake.

"Shikamoo mama. Hii ni ya asali?"

"Marahaba mwanangu. Ya sukari hiyo. Asali tunauza, inakwenda mjini. Wanaoulizia wanzuki ya kweli ni wewe na wazee wawili."

"Na ujuzi wa kuipika?"

"Ninao mimi. Binti zangu hawataki, wanasema haina wateja."

Hapo nikachoka. Nikamwomba anipikie dumu la lita tano, ila amwite binti mmoja asimame pembeni aone. Akacheka mpaka kanga ikamvuka begani, lakini hela ya asali alipokea. Dereva akapiga honi.

Jumamosi napita kuchukua dumu langu.